Mfuko wa kiwandani au wa mfamasia: lishe ya mshipani kwa watoto njiti

Kila mtoto njiti ana mahitaji yake, basi kila mmoja achanganyiwe lishe yake ya mshipani, yaani chakula cha maji kinachoingia mwilini kwa dripu. Hoja hii ina mvuto, ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotaka hospitali zianze na mifuko yenye viwango vilivyopangwa tayari, baadhi ya watu wanauona kama ujanja wa kubana matumizi. Wanaoupinga hutazama vipimo vya damu ya mtoto. Ni nadra kutazama kinachotokea ndani ya mfuko wenyewe.

Humo mna glukosi, asidi za amino, mafuta, vitamini na madini, na si vyote vinavyoelewana. Wakorofi hasa ni kalsiamu na fosfeti. Zikizidi kiasi hushikana na kuwa mashapo, na joto huharakisha jambo hilo, likiwemo la inkubeta ambamo mrija hupita. Naye njiti ndiye anayezihitaji kwa wingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kalsiamu ya mifupa mtoto huipata tumboni katika miezi mitatu ya mwisho, ile ile aliyoikosa. Tena mwili wake hauwezi kubeba maji mengi. Daktari anaandika madini mengi kwenye maji kidogo, mfamasia anabaki kupiga hesabu ukingoni.

Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili kufariki. Uchunguzi wa maiti ulikuta mashapo ya kalsiamu na fosfeti yamekwama kwenye mishipa midogo ya mapafu. Mchanganyiko ule ulikuwa na mafuta, na mafuta huufanya mfuko uwe mweupe kama maziwa. Hapo ndipo ninaporudi kila mjadala huu unapozuka: muuguzi anaweza kuuinua mfuko kwenye mwanga, akaugeuza, akaukagua kwa uaminifu wote, asione kitu. Chujio la kwenye mrija husaidia, ila likiziba usiku wa manane kuna kishawishi cha kuliondoa ili dripu iendelee.

Mfuko uliopangwa tayari umeshapimwa maabara: kalsiamu kiasi hiki, fosfeti kiasi kile, kwa joto fulani, inakaa salama kwa muda gani. Ile ya vyumba vitatu hutenganisha mafuta, glukosi na amino mpaka muuguzi aubane, vizuizi vifunguke. Mtoto aliyezaliwa Jumamosi usiku hamsubiri mfamasia wa Jumatatu.

Upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 2013 Ulaya ilisimamisha mfuko mmoja wa njiti kwa hofu ya magnesiamu kuzidi mwilini. Kiwango kikikosewa kiwandani, kimekosewa kwa wote. Mwaka 2014 mifuko kutoka kampuni moja ya London ilikuwa na bakteria, watoto wachanga katika hospitali kadhaa wakaugua, wengine wakafa. Lakini mkono wa mfamasia hauna kinga dhidi ya hilo. Alabama, mwaka 2011, famasi moja iliyokuwa ikichanganya lishe kwa ajili ya hospitali ilichafuliwa na bakteria. Kati ya wagonjwa 19 walioambukizwa, 9 walifariki.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipuuza, nalo ni mwanga. Huzalisha peroksaidi, kemikali zenye madhara, ndani ya mchanganyiko, na mwaka 2019 mamlaka ya Ulaya ilitaka mfuko pamoja na mrija wake vifunikwe mpaka dripu iishe. Kufunika mfuko na kuuacha mrija ukipita chini ya taa za kutibu ugonjwa wa manjano ni kazi nusu.

Kwa hiyo watoto wengi waanze na mfuko wa kiwandani. Wanaobaki, wenye figo zilizogoma au chumvi ya damu inayopanda na kushuka, ni wachache. Hao mfamasia awachanganyie, mchana, na mwenzake wa kukagua hesabu akiwa kando.