Maji mazito na nyufa za zamani

Mwandishi, hapo uliposema kuwa kuhusisha bwawa na tetemeko la ardhi ni imani za kijijini, umewakosea watu. Bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa Desemba 1958. Lilipofikia kujaa, Septemba 1963, eneo lile likatikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6. Fikiria uzito ule: tani bilioni 180 za maji juu ya bonde ambalo miaka michache nyuma lilikuwa mashamba na makaburi ya Watonga, wenyeji wa bonde hilo.

Lakini uzito ni nusu tu ya habari. Maji yanapenya. Chukua vipande viwili vya vigae, vibane kwa nguvu, ujaribu kuvisugua: vinagoma. Legeza mbano kidogo uone vinavyoteleza. Huko chini, maji yanasukumwa kwenye nyufa za mwamba, yanapunguza ule mbano, na ufa uliokuwa tayari umebeba mkazo wa miaka mingi unaachia. Bwawa halikuutengeneza ufa, limeuharakisha tu.

Kule Koyna, India, walianza kujaza bwawa mwaka 1962. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 1967, watu wakiwa bado wamelala, likaja tetemeko la 6.3. Wapatao 180 walikufa, wengi kwa kuangukiwa na nyumba zao.

Kwa hiyo mama anayeishi kando ya bwawa akisema vyombo vinagongana kabatini usiku, tafadhali msimcheke. Pelekeni vipima tetemeko, tena kabla maji hayajaanza kupanda.