Breisi ya meni haifufui bloku iliyochoka

Mtu akishashusha injini, akatoa silinda hedi, akavuta pistoni na kuiona krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala wazi ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, tamaa humwingia. Beringi mpya, ringi mpya, pampu mpya ya oili, basi na breisi ya meni nayo iwemo, si bloku imeshafunguliwa? Sina ugomvi na tamaa hiyo. Ninachokipinga ni imani kwamba breisi ikishafungwa tu, chini ya injini pamekuwa imara, hata kama kepi zenyewe hakuna aliyezipima.

Breisi ya meni ni chuma chenye umbo la ngazi kinachofungwa juu ya kepi za meni, yaani vifuniko vya beringi kuu zinazoishika krenki, bloku ikiwa imepinduliwa kwenye stendi, na kuzishikanisha zote. Kepi ndizo zinazoizuia krenki isitoke ndani ya bloku. Kila silinda inapochoma, pistoni hushuka kwa nguvu, konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, huikandamiza krenki, na krenki huzielemea kepi. Mwendo ukipanda, uzito wa pistoni na konrodi zinazogeuka juu na chini nao huongeza mzigo. Kepi iliyosimama peke yake huchezacheza mbele na nyuma, kidogo mno, lakini hucheza. Bloku iliyotumika sana itakuonyesha: tazama pale kepi inapokalia bloku. Ukikuta mabaka yanayong'aa na vishimo vidogo vidogo, kepi hiyo imekuwa ikisugua bloku ingawa bolti zake hazikuwa zimelegea. Kazi ya breisi ni kupunguza mchezo huo.

Chukua injini ya Jeep ya lita 4.0, ile ya silinda sita za mstari mmoja, iliyotoka kwenye modeli za 1987 hadi 2006. Krenki yake ni ndefu na imekalia meni saba. Kwa miaka mingi haikuwa na breisi. Ilipofika modeli za 1996 kiwanda kikaiweka, na bloku yenyewe ikafanywa ngumu zaidi. Ndiyo maana wanaofunga upya bloku za zamani, hasa wale wanaoweka krenki ya injini ya lita 4.2 ili kuongeza ujazo, huisaka breisi ya injini za baadaye.

Sasa tazama namba za kukazia. Bolti za kepi hukazwa kwa hatua tatu, kwa nyutoni mita (Nm), kipimo cha nguvu ya kukaza: Nm 54, kisha 95, kisha 108. Nati za breisi ni Nm 47 tu. Mimi hapo sihitaji ushahidi mwingine. Kepi ndizo zinazobeba mzigo. Breisi imewekwa kuzituliza na kupunguza mtetemo na kelele. Ni kazi yenye maana, tena kwa krenki ndefu kiasi hicho ni kazi nzuri sana, lakini si ile inayosimuliwa na wauzaji.

Nguvu yenyewe hutafutwa kwingine. Katika familia ya Chevrolet LS, iliyoanza na LS1 ya 1997, kuta za bloku zinashuka chini kupita krenki, na kila kepi inashikwa na bolti sita: nne za wima na mbili zinazoingia kutoka ubavuni. Kinyume chake ni bloku za kawaida za Ford 302, ambazo zinajulikana kwa kupasuka nguvu zikizidishwa mno. Ufa huanzia kwenye chuma cha bloku, kule juu ya krenki. Breisi iliyofungwa kwenye kepi, chini ya krenki, itauzuiaje?

Haya, tuseme umeamua kufunga. Breisi hukaa juu ya stadi, kwa hiyo baadhi ya bolti za kepi lazima zibadilishwe, ziwekwe zile zenye uzi upande wa kichwani ili nati ya breisi ipate pa kushika. Hapa ndipo wengi wanapokimbia haraka. Kepi ikikazwa, tundu la meni hubadilika umbo kidogo, na stadi za aina nyingine zinaweza kulivuta tofauti na bolti za zamani. Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kubadilisha havikusaidii tena. Kaza kepi na stadi zile zile utakazozitumia mwisho, kwa nguvu ile ile, halafu pima kila tundu. Kama halina duara safi, au matundu hayafuati mstari mmoja, bloku iende kwa fundi wa mashine kufanyiwa laini boringi, yaani matundu yote yachongwe upya yawe mstari mmoja, kabla hujagusa beringi mpya. Na kepi zirudi kila moja mahali pake, kwa namba na mshale wake, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku ile; hazibadilishani.

Kisha kuna suala la kimo, na kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Bloku ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya breisi haina sababu ya kuwa na kepi zenye kimo kimoja kwa juu. Weka breisi bila kukaza kitu. Ibonyeze kwa vidole pembe hii na pembe ile. Ikiyumba, kuna kepi iliyo juu au iliyo chini kuliko wenzake. Ipitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ujue ni ipi na kwa kiasi gani. Ukikaza nati hivyo hivyo, ama breisi itapinda ama itaivuta kepi. Nafasi ya oili kwenye beringi za meni za ile injini ya Jeep ni kati ya mm 0.03 na 0.06. Hakuna pa kuivutia kepi hapo. Chonga palipozidi au jaza palipopungua kwa shimu, kibati chembamba cha kujazia, ya unene uliopimwa, si kwa washa uliyookota sakafuni.

Jaribio lenyewe halihitaji kifaa cha gharama. Krenki ikiwa peke yake, bila pistoni, na beringi zimepakwa oili, kaza kepi kwa hatua zake na uizungushe kwa mkono kila baada ya hatua. Inapaswa kuteleza bila kugoma. Funga breisi, kaza nati hadi Nm 47, zungusha tena. Mkono usihisi tofauti yoyote. Ukihisi uzito, usiguse kepi: legeza nati za breisi moja moja huku ukizungusha, na ile itakayoiachia krenki imekuonyesha kepi yenye tatizo.

Zungusha pia konrodi zikiwa mahali pake uone kama zinapita bila kugusa chuma cha breisi, kisha jaribu bomba la kunyonyea oili na sampu yenyewe, bakuli la oili chini ya injini, kabla ya kupaka gundi. Chujio la bomba hilo likisukumwa na breisi hadi likae vibaya ndani ya sampu, meni zote saba zitakosa oili, na breisi nzuri itakuwa imeua injini ambayo isingekuwa na shida bila hiyo breisi. Kwa mtu asiye na fila geji wala spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, ushauri wangu ni huo huo nilioutoa kwa kila aliyeniuliza: iache breisi kwenye boksi lake, fedha zake zipelekwe kupima bloku.