Mbona baba haulizwi analalaje?

“Mtoto huyu anashtuka hivi kwa sababu mama yake alikuwa na mawazo mengi alipombeba.”

Shangazi yangu aliyasema hayo wiki iliyopita, baada ya upepo kubamiza mlango na mwanangu kuangua kilio. Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mke wangu akainamisha kichwa, akaendelea kumbembeleza mtoto. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule kumeninyima raha hadi leo ninapoandika.

Nilinyamaza ilhali naujua ukweli. Mke wangu aliibeba mimba ile akiwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Aliyekuwa hoi ni mimi. Miezi mitano kabla hajashika mimba niliachishwa kazi, madeni yakaniandama, na usiku nikijitahidi sana nilipata usingizi wa masaa matatu. Niliamka moyo ukidunda kama mtu aliyekuwa akifukuzwa. Kisha tukaanza kliniki. Kila tulipokwenda aliulizwa: mama, unakula vizuri? Unalala? Una jambo linalokusumbua? Nami nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nimeshika mkoba wake. Hakuna hata siku moja aliyenigeukia mtu.

Sisemi mwanangu anashtuka kwa sababu yangu. Watoto wadogo hushtuka. Ninachosema ni kwamba lawama ilipotafuta pa kutua, ilimwendea mama moja kwa moja, wala haikumpitia baba njiani.

Na hapo ndipo tunapokosea, maana mwili wa baba nao una kumbukumbu. Mwaka 2013 mtafiti Tracy Bale na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwasumbua panya dume kwa wiki 6: leo taa inawaka bila kuzimwa, kesho matandiko yamelowa, keshokutwa harufu ya mbweha au kelele usiku kucha. Madume hao wakazaa na majike ambao hawakuguswa na usumbufu wowote. Watoto wao, wa kike na wa kiume, walipobanwa kidogo, miili yao ilitoa homoni ya msongo kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa. Kengele yao ya hatari ilikuwa imefifia. Na katika mbegu za wale baba zao kulikuwa na aina 9 za maikro-RNA, yaani vipande vidogo vya molekuli vinavyosaidia kudhibiti kazi za jeni, zilizozidi kiwango.

Mwaka 2015 timu hiyohiyo ikaziingiza RNA hizo 9 katika mayai yaliyokwisha kurutubishwa, ambayo baba zao hawakuwa wamesumbuliwa na chochote. Panya waliozaliwa wakawa na kengele ileile iliyofifia. Nilipolisoma hilo niliweka simu mezani nikakaa kimya. Yaani baba aliyetaabika hakuwapo kabisa, hata mbegu yake haikuwapo. Ulikuwapo ujumbe tu, na ujumbe ukatosha.

Ujumbe huo unaingiaje? Hili ndilo lililonikamata kuliko yote. Tumezoea kuiona mbegu kama bahasha ya DNA: imefungwa, na haijui kama mwenye nayo jana alicheka au alilia. Lakini mbegu ya binadamu huchukua zaidi ya miezi miwili kuumbwa ndani ya korodani, na ikitoka humo bado haiwezi kuogelea. Hupita katika epididimisi, mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, na humo hukaa siku kadhaa ikikomaa. Kuta za mrija huo hutoa vimfuko vidogo mno vilivyobeba RNA, navyo hugusana na mbegu na kuipakia mzigo wake. Mwaka 2020 kundi la Bale lilionyesha kwamba vimfuko hivyo vinatosha kuufikisha ujumbe wa msongo kwa kizazi cha panya kinachofuata.

Jumlisha, unapata karibu miezi mitatu. Nilihesabu kurudi nyuma kwa vidole. Mbegu iliyomleta mwanangu duniani ilianza kuumbwa nikiwa katikati ya usiku wangu wa masaa matatu.

Kuna watakaoniambia kwamba panya si watu. Ni kweli, na nalikubali kwa shingo upande. Nalikubali na lingine gumu zaidi: mwaka 2011 watafiti waliokuwa na Eric Nestler walichukua madume waliokuwa wameonewa mfululizo na wenzao, na watoto wao walionyesha dalili za sonona na wasiwasi. Lakini mbegu za madume hao zilipotumika kurutubisha mayai maabara, bila baba na mama kukutana, sehemu kubwa ya dalili hizo haikuonekana. Huenda jike alimsoma dume aliyeshindwa, akabadilika yeye katika kubeba na kulea. Haya, na iwe hivyo. Lakini hata kwa njia hiyo chanzo bado ni hali ya baba! Kama haipitii kwenye mbegu, inapitia moyoni mwa mama anayeishi naye.

Kwa wanadamu hatuwezi kumfungia mtu taa wiki 6, kwa hiyo tunabaki kusoma historia. Mtafiti Dora Costa na wenzake walifuatilia watoto wa askari wa upande wa Muungano, yaani wa kaskazini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kulikuwa na kipindi ambapo kubadilishana wafungwa kulisimama, na makambi kama Andersonville yakawa mahali pa njaa na maradhi. Wana wa kiume wa waliofungwa kipindi hicho, waliozaliwa baada ya vita, walipovuka miaka 45 walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 11 ule wa wana wa askari ambao hawakufungwa. Kwa mabinti hilo halikuonekana. Utafiti ulitoka mwaka 2018. Na ndani yake kuna jambo lililonigusa hasa: wakikisia lishe ya mama kwa majira aliyozaliwa mtoto, pale ilipokuwa ya kutosha wakati wa mimba, athari ya kifungo cha baba haikuonekana.

Lisome tena hilo. Baba alijeruhiwa, na mwili wa mama ndio uliofunika jeraha. Halafu leo tunamkalisha mama huyohuyo tukimwambia mawazo yake ndiyo yaliyomharibu mtoto.

Sitaki fimbo hii ihamie mgongoni kwa baba. Najua wepesi wetu wa kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, na naogopa siku mtu atakapomwangalia mtoto wa mwanamume aliyepitia vita au jela na kumhukumu kabla hajatambaa. Kengele iliyofifia kwa panya si ugonjwa, na wala haimwambii mtoto wa mtu atakuwa nani. Sigara na pombe tumeshaonywa vya kutosha. Ninachodai ni kidogo sana: watu wawili wanapopanga kupata mtoto, anayewapokea amgeukie na mwanamume. Amuulize analala saa ngapi, anaamka vipi, na ana nani wa kuzungumza naye. Mbegu mpya zinaumbwa kila siku, hivyo miezi ile ya kabla ya mimba ni miezi ya kumtunza na yeye, badala ya kumsubiri aje baadaye kushika mkoba.

Juzi nilimpigia shangazi. Nilimweleza yote: kazi, madeni, usiku wangu, na kwamba mke wangu alikuwa mtulivu muda wote ule. Nilimwomba asimwambie tena neno lile. Akakaa kimya kitambo, nikadhani simu imekatika.

Kisha akaniuliza, “Na sasa hivi, mwanangu, unalala?”