Ukoka wa kiangazi Lubumbashi: unyweshwe au uachwe ulale?

Mvua za Lubumbashi hukoma Aprili, na ifikapo Juni ukoka wa uwanja wa gofu huwa umeshageuka rangi ya nyasi za kuezekea. Wapo wanaotaka maji yamwagwe kila usiku ili uwanja ubaki kijani, na wapo wanaosema majani yaachwe yalale mpaka mvua ya Novemba. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, ingawa mfano wanaoutegemea, ule wa majira ya baridi ya Ulaya, hautufai.

Kule Uskoti, kwenye uwanja mkongwe wa St Andrews, mchezaji hutembea na kijimkeka kuanzia Novemba hadi Machi na kupigia mpira juu yake ili asiyajeruhi majani. Adui wa huko ni mwanga hafifu, udongo uliolowa na sakitu: jani lenye maji yaliyoganda likikanyagwa, chembe zake hupasuka, na baadaye alama ya kiatu hujitokeza ikiwa nyeusi. Dawa yake ni kupumzisha uwanja. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo huudumaza ukoka kweli. Lakini mchana jua ni kali, anga halina wingu, na kinachoulaza zaidi ni kiu. Kwa hiyo wanaotaka kumwagilia wana haki katika jambo moja: ukipewa maji, ukoka wetu utakua, japo polepole.

Ila hesabu ya maji hayo inanitisha. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Tukichukua hekta 10 za njia kuu za mchezo na kuzipa milimita 4 kwa siku, tunamwaga lita 400,000, yaani bidoni 20,000 za lita 20, katika mji ambao akina mama na watoto hubeba bidoni hizo kichwani na pampu husimama umeme unapokatika. Grini zote za mashimo 18, yaani vile viwanja vidogo vya majani mafupi vinavyozunguka mashimo, zikipewa kipimo hicho hicho, hazizidi sana bidoni 2,000. Tofauti hiyo kwangu ndiyo kiini cha suala lote.

Anayeogopa kwamba ukoka umekufa achimbe kipande kidogo kwa kisu na kukata shina linalotambaa chini ya udongo. Likiwa jeupe na lina unyevu ndani, mmea u hai. Likiwa la kahawia na kuvunjika kama kijiti, hapo ndipo pa kuhuzunikia.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka kumwagilia ni kwamba jani lililolala halijitibu. Pale watu wanapoanzia kupiga mpira, na kwenye vijia vya kuingilia grini, miguu huula ukoka mpaka udongo mwekundu ubaki wazi, na mvua ya kwanza huusomba. Nakubali, na ndiyo maana ningemwagilia grini na sehemu hizo za kuanzia, nikahamisha vijia kwa kamba kila wiki, na nikapandisha kisu cha mashine ya kukatia majani tangu Machi ili jani refu lilishe mizizi mirefu kabla ardhi haijakauka.

Kuna pia wanaopendekeza kusia raigrasi, aina ya nyasi inayostahimili baridi na kubaki kijani, juu ya ukoka, kama wafanyavyo kwenye uwanja wa Augusta National huko Marekani kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Inapendeza macho, lakini mbegu hiyo huhitaji maji kila siku ili iote, kisha joto likirudi hugombania mwanga na chakula na ukoka unaoamka. Kwa Lubumbashi naiona ni gharama mara mbili.

Linalobaki kuniumiza kichwa ni moto. Agosti pori la miombo huchomwa pande zote za mji, na uwanja mkavu unaopakana na nyasi ndefu unaweza kushika moto kwa cheche moja. Uwanja wa kijani ungejilinda. Hata hivyo, kabla ya kufungua maji kwa ajili ya hilo, ningewaajiri watu wa majembe mwezi wa Mei, walime ukanda wa mita chache kuuzunguka uwanja wote, nao ubaki udongo mtupu mpaka mvua irudi.