Modeli ya Stesheni ya Tabora: Acheni Treni Isimame

Modeli nyingi za reli kwenye maonyesho zina tabia moja inayonichosha: treni haipumziki. Inatoka kwenye handaki, inaipita stesheni bila hata kupunguza mwendo, inazunguka, inarudi tena. Watoto wanafurahi, sawa. Lakini ukishaamua kujenga stesheni ya kweli, onyesho ni kazi inayofanyika pale stesheni.

Ndiyo maana naing'ang'ania Tabora. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1912, ikaishia Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ikafunguliwa 1928. Aliyesafiri kwa reli ya zamani kutoka Dar es Salaam anajua kinachotokea Tabora: treni inakatwa. Mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, ya Mpanda nayo yanatafutiwa kichwa. Abiria kashuka kununua asali, akigeuka behewa lake liko njia nyingine na mizigo yake imo ndani. Kuna modeli gani ya mzunguko itakayokupa hekaheka hiyo?

Kwa kipimo cha 1:87, yaani kitu halisi ni kikubwa mara 87 kuliko modeli, reli yetu ya upana wa mita moja inakaa kwenye njia ya milimita 12. Njia hizo zinauzwa, shukrani kwa mashabiki wa reli za milimani za Uswisi. Mabehewa utayachonga mwenyewe. Tatizo kubwa ni nafasi: treni ya mita 300 inakula karibu mita tatu na nusu za meza, na hapo hujagusa yadi, yaani njia za kupangia mabehewa, wala karakana. Lazima ukate kitu. Wengi hukata yadi wakabakiza jengo la enzi za Wajerumani, maana linapendeza kwenye picha. Naona wanakosea. Fupisha jukwaa, punguza mabehewa, jengo lenyewe lijenge upande wa mbele tu ikibidi, ila pointi za yadi, pale treni inapohamishwa njia, ziache zilivyo. Bila hizo, andika jina lolote kwenye kibao, hakuna atakayebisha.

Mwaka nao uchague mmoja na uushikilie. Kichwa cha dizeli cha miaka ya 1980 na nguzo za umeme za SGR, reli mpya ya kisasa, havikai meza moja.

Najua hoja ya upande wa pili: mtazamaji hana subira, treni ikisimama dakika kumi ataondoka. Ataondoka kama hajui kinachoendelea. Weka mtu mbele ya meza, si nyuma yake, amweleze kwamba kile kichwa kinachorudi nyuma kinafuata mabehewa ya Mwanza, uone kama hatabaki kuangalia.

Na modeli ya namna hii ianze kuonyeshwa Tabora kwenyewe, kabla ya Dar. Wapo wastaafu wa reli watakaokukosoa bila huruma: rangi siyo hii, tangi la maji halikuwa hapa. Waachie rimoti waipange treni wenyewe.