Flamingo wetu na jina la uyoga

Juma lililopita mpwa wangu, anayesoma baiolojia hapa Nakuru, aliniletea neno la kukariri: kanthazanthini. Ndiyo rangi inayowapa wekundu heroe, hawa ndege tunaowaita flamingo. Alikuwa ameliandika mara kumi daftarini bila kujua limetoka wapi. Niliumia. Tunawalisha watoto istilahi kama dawa chungu: fumba macho, meza.

Nikamketisha. Mwaka 1950 mwanasayansi Francis Haxo aliipata rangi hiyo ndani ya uyoga mwekundu uitwao Cantharellus cinnabarinus, na jina la uyoga likawa jina la rangi. Kantharos, kwa Kigiriki cha kale, ni kikombe cha mikono miwili, nao uyoga wa jamii hiyo hubonyea katikati kama kikombe. Kipande cha pili, xanthos, maana yake ni manjano.

“Lakini mjomba, flamingo si wa manjano!”

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Neno linafuata ukoo. Mwaka 1837 mkemia Berzelius wa Uswidi aliipa jina la zanthofili rangi ya majani yanayogeuka manjano kabla ya kupukutika. Jamaa zake waliogunduliwa baadaye wakarithi ubini huo, hata walio wekundu. Miaka 6 kabla ya hapo, Mjerumani Wackenroder alikuwa amepata karotini ndani ya mizizi ya karoti, carota kwa Kilatini. Mpwa wangu akaruka: karoti hizi hizi za Molo?

Hizi hizi. Kifaranga wa flamingo huwa wa kijivu, na hakuna ndege anayeweza kujitengenezea rangi ya aina hii kutoka mwanzo. Flamingo huipata kwa kula spirulina, viumbe vidogo vya maziwa ya magadi vyenye karotini, kisha mwili wake huigeuza kuwa kanthazanthini. Ukilijua jina, umeshajua nusu ya safari hiyo.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka tubuni neno jipya la Kiswahili badala ya hili. Tulitohoe, tuliandike kwa sauti zetu, mradi mwalimu atoe dakika tano kulipasua mbele ya darasa. Mtoto wa Nakuru tayari ana karoti mdomoni na flamingo machoni.

Mpwa wangu alifuta mistari yake kumi. Akachora kikombe, na kando yake uyoga.