Ramani ya "Waingereza" wa Albemarle: wanaoonekana na wasioonekana

Kaunti ya Albemarle iko Virginia, pale chini ya milima ya Blue Ridge, ilianzishwa 1744 na ikapewa jina la bwana mkubwa wa Kiingereza aliyekuwa gavana wa Virginia kwa karatasi tu, hakuwahi hata kukanyaga huko. Ndiyo kaunti yenye Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Ukiangalia takwimu za asili za wakazi wake utakuta Waingereza ni kati ya wanaotajwa sana, halafu watu wanachukua hizo namba wanachora ramani, rangi imekolea hapa imefifia pale, na juu yake wanaandika "wakazi wenye asili ya Uingereza". Mimi shida yangu iko kwenye hayo maneno ya juu.

Lakini kwanza tuwape haki yao wanaozitetea hizi ramani, kwa sababu wana hoja. Makazi ya kaunti hii kweli yana sura yake. Waingereza wenye mashamba ya tumbaku walitoka pwani wakapanda juu kwa kufuata mito ya James na Rivanna, na Waskoti wa Ulster, yaani waliokuwa wamehamia kaskazini mwa Ireland, wakatokea upande mwingine kabisa, walishuka na bonde la Shenandoah wakavuka milima miaka ya 1730 wakashika magharibi ya kaunti, huko karibu na Crozet ya leo. Mtu anayetafuta nasaba yake, au anayetaka kujua kwa nini huku kulikuwa na Wapresbiteri na kule Waanglikana, hizo habari zinamsaidia. Na tena wanasema, hakuna aliyelazimishwa jibu, fomu ya Idara ya Sensa inauliza asili yako na wewe unaandika unavyojijua, sasa kosa la ramani liko wapi?

Kuna mambo ya kiufundi nitayapitia haraka. Sisi kwa Kiswahili tukisema Uingereza mara nyingi tunawafungia humo humo Waskoti na watu wa Wales, ila fomu ya Marekani inawatenganisha, kila mmoja na hesabu yake, na ukiandika asili nne wanachukua mbili za kwanza basi. Kwa hiyo ukijumlisha Waingereza na Waskoti kuna watu utawahesabu mara mbili. Halafu Charlottesville, mji ulio katikati kabisa ya kaunti, kisheria si sehemu ya kaunti tangu 1888, ni mji unaojitegemea, kwa hiyo ramani ya Albemarle ina tundu katikati na mara nyingi hakuna anayelieleza.

Sasa namba ambayo mimi sijaweza kuiacha. Sensa ya 1980 iliuliza Wamarekani wote asili zao, watu milioni 49.6 wakasema Waingereza. Sensa ya 1990 ikauliza tena, wakawa milioni 32.7. Yaani milioni 17 wameondoka ndani ya miaka kumi, hakukuwa na vita wala tauni, na hawakurudi Uingereza pia. Mwaka 2000 wakashuka tena hadi milioni 24.5. Halafu sensa ya 2020 wakaibuka milioni 46.6, wakawa kundi la kwanza mbele ya Wajerumani! Ukitafuta nini kilitokea, kitu kikubwa kimoja ni fomu yenyewe. Fomu ya 1980 ilikuwa na mifano ya majibu na Mwingereza alikuwemo. Ya 1990 waliandika mifano mingi, Mjerumani akawa wa kwanza, Mwingereza hayumo kabisa, na mwaka huo Wajerumani wakaruka kutoka milioni 49 hadi karibu 58. Mwaka 2020 wakamrudisha Mwingereza kwenye mifano, pembeni ya kisanduku cha "mweupe". Na katikati ya hayo yote kuna watu milioni 20 ambao mwaka 2000 waliandika tu "Mmarekani", wengi wao huko kusini na kwenye milima ya Appalachia, sehemu ambazo babu wa babu zao walitoka Uingereza na Ulster kabla hata ya uhuru wa 1776. Hao huwa wanachekwa kwamba hawajui walikotoka. Mimi siwacheki hata kidogo, mtu ambaye ukoo wake una miaka 280 sehemu moja akikuambia yeye ni wa hapo amekujibu ukweli wake.

Kwa hiyo ramani inapima kumbukumbu, na kumbukumbu inasukumwa hata na mpangilio wa maneno kwenye karatasi. Hilo peke yake lingekuwa jambo la watakwimu, wangelimaliza wenyewe huko. Albemarle ina jambo zito zaidi.

Mwaka 1860 kaunti hii ilikuwa na watu 26,625, na kati yao 13,916 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu. Na kila aliyesoma habari za mashamba yale anajua watoto waliozaliwa na wanawake watumwa wengi baba zao walikuwa nani. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2015, wa Wamarekani weusi zaidi ya 5,000, ulikuta kwa wastani karibu asilimia 24 ya vinasaba vyao ni vya Ulaya, na Virginia ya wakati ule ukisema mwenye shamba kutoka Ulaya mara nyingi unasema Mwingereza au Mskoti.

Chukua Sally Hemings, mtumwa wa Jefferson pale Monticello. Baba yake, John Wayles, alizaliwa Lancaster, Uingereza. Mama yake Sally naye, kwa masimulizi ya familia, alikuwa mtoto wa nahodha Mwingereza. Halafu Sally mwenyewe akazaa na Jefferson, jambo ambalo familia ilisimulia miaka yote ikabishiwa mpaka vipimo vya 1998 vikaonyesha uhusiano wa damu na ukoo wa Jefferson kupitia mwanae Eston. Kwa hesabu ya damu mama huyu alikuwa Mwingereza robo tatu na alikuwa mtumwa. Baada ya Jefferson kufa 1826 alikaa Charlottesville na wanawe Madison na Eston, na hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma, karani wa sensa ya 1830 aliwaandika kuwa weupe, miaka mitatu baadaye katika hesabu nyingine Sally akaandikwa chotara huru. Mwanamke yule yule, mji ule ule, miaka mitatu. Baadaye wale ndugu wawili wakahamia Ohio, Madison akabaki huko akiishi kama mtu mweusi, Eston akaenda Wisconsin akachukua jina la Jefferson akaishi kama mzungu. Mama mmoja, baba mmoja. Mzao wa Eston akijaza fomu leo ataweza kuongeza rangi kwenye ramani ya "asili ya Uingereza", na mzao wa Madison haiji akilini mwa mtu kumuuliza.

Na haikuwa desturi tu, ilikuwa sheria. Virginia ilipitisha sheria mwaka 1924 kwamba mweupe ni yule asiye na tone la damu nyingine, isipokuwa kidogo ya Wahindi Wekundu, na ikadumu mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoivunjilia mbali sehemu ya ndoa mwaka 1967. Kuna wazee walio hai waliozaliwa chini ya sheria hiyo. Huwezi kusema walikuwa huru kuandika Mwingereza.

Najua jibu litakalokuja: basi wahesabuni na hao. Hapana, na hapa lazima niwe mwangalifu, maana weusi wengi hawaitaki hiyo asili na wana sababu, iliingia kwenye ukoo kwa kubakwa bibi zao, nani ana haki ya kumdai mtu aiandike? Wapo pia wanaoidai waziwazi, wapo wa ukoo wa Hemings wanaokwenda Monticello kama kwao. Hilo waamue wenyewe. Ninachoomba mimi ni kidogo sana: swali libaki, ramani zichorwe, ila juu yake iandikwe "wakazi waliojiandika kuwa na asili ya Uingereza". Neno moja hilo linabadilisha kila kitu kilicho chini yake.

Na kama kuna nafasi kwenye ukurasa, ipo ramani nyingine ya Virginia iliyochapishwa 1861 kutokana na sensa ya 1860, kila kaunti imetiwa weusi kwa kadiri ya asilimia ya watumwa waliokuwemo. Albemarle imo. Ziwekwe pamoja.